Mlango wa Mbele na Mlango wa Nyuma
Safari ya masomo katika kisiwa cha Morisi

Kila mwaka, mwezi wa tisa unapokaribia, ulizo moja linazunguka katika nyumba zetu, tangu Kolwezi hata Kipushi: mtoto tumpeleke wapi? Baba anasema, "Masomo ya Leta iko bure, tumupeleke kule." Mama anajibu, "Iko bure, lakini batoto mia moya mu kalasi, mwalimu moya. Atajifunza nini?" Kiisha wanachukua karatasi na biki, wanahesabu feza ya shule ya kulipa, wanahesabu tena, na hesabu haikubali.

Leo nataka tutembelee inchi moja iliyokuwa na ulizo lile lile, ikalijibu kwa namna yake. Si Ulaya, wala si Marekani. Ni inchi ya Afrika, lakini imekaa katikati ya bahari: kisiwa cha Morisi, kile tunachoita kwa Kifaransa Île Maurice. Huko utaona jambo la kushangaza. Mtoto anaweza kuingia shule ya serikali, au shule ya kanisa, au shule ya mtu binafsi, na katika zile tatu wazazi wake wasilipe minerval. Utaona vilevile jambo la pili, ambalo wale wanaosifu inchi hiyo hawalisemi kwa sauti kubwa. Twende pole pole, tuyaone yote mawili.

INCHI ISIYO NA SHABA

Morisi iko katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Urefu wake ni kama kilometa 65 tu, na upana kama 45. Ungekiweka kisiwa kile juu ya barabara yetu, ukitoka Lubumbashi kuelekea Likasi, kingekwisha karibu katikati ya njia. Watu wake ni milioni moja na laki mbili na zaidi kidogo. Hakuna shaba kule, hakuna kobalti. Kuna mawe meusi ya volkano, kuna miwa, na kuna bahari pande zote.

Zamani hapakuwa na mtu. Waliofika walitoka mbali, na wengi hawakutoka kwa kupenda. Wafaransa walileta watumwa toka Madagaska na toka pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1810 Waingereza walitwaa kisiwa, na mwaka 1835 utumwa ulikomeshwa. Tangu wakati ule mabwana wa miwa walitafuta mikono mingine, wakaleta Wahindi kwa mkataba, mamia ya maelfu yao. Wachina walikuja kufanya biashara. Ndiyo sababu leo katika njia moja utaona kanisa, hekalu la Kihindu na msikiti, na watu wanasalimiana asubuhi.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 mwezi wa 3 mwaka 1968. Miaka michache mbele ya hapo, mwaka 1961, mtaalamu wa uchumi wa Uingereza, James Meade, alikuwa ametoa taarifa juu ya kisiwa. Aliona watu wanaongezeka upesi, kazi ni ya miwa peke yake, na hakuwa na tumaini kubwa. Yeye mwenyewe alipata zawadi ya Nobel mwaka 1977. Lakini kisiwa hakikwenda kama alivyoogopa. Leo watu wake wanaishi kwa viwanda, kwa watalii, kwa mabenki, na miwa bado iko. Kisiwa hakina mgodi wa kuchimba. Mgodi wao ni kichwa cha mtoto. Sisi tunaokaa karibu na mashimo makubwa ya kampani tunajua ya kama shaba inachimbwa ikaisha. Basi inafaa tuangalie namna wengine walivyochimba ule mgodi mwingine.

PANDA OTOBISI ASUBUHI

Kama ungefika Port Louis, mji mkuu, siku ya masomo asubuhi, ungekuta watoto kila pahali, kila shule na uniforme yake. Mji uko chini, karibu na bahari, na milima imeuzunguka nyuma. Toka pale barabara inapanda hata inchi ya juu, yenye baridi kidogo na mvua nyingi, na miji imefuatana kama shanga katika uzi: Beau Bassin, Rose Hill, Quatre Bornes, Phoenix, Curepipe. Tangu mwaka 2020 kuna treni nyepesi ya umeme toka Port Louis hata Rose Hill, na mwaka 2022 ilifika Curepipe.

Watoto wale hawalipi otobisi. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2005 wanafunzi na wazee wanasafiri bure. Usipite upesi juu ya jambo hili, ndugu. Mama wa kwetu anayetoa kila siku feza ya taxi-moto kwa watoto watatu anajua ya kama masomo ya "bure" yenye njia ya kulipa si bure.

Shuka Rose Hill. Hapo kuna Queen Elizabeth College, shule ya serikali, yenye jina kubwa. Katika mji ule ule kuna Loreto College, ya Kanisa Katolika, na St Andrew's, ya ndugu zetu Waanglikana. Kuna New Eton College, iliyozaliwa kama shule ya binafsi. Panda tena hata Curepipe: utakuta Royal College ya serikali, St Joseph's College ya Wakatolika, na Hindu Girls' College. Serikali, kanisa, dini nyingine, mtu binafsi. Na katika zote hizi mtoto haombwi minerval.

Ziko pia shule za kulipa kabisa. Karibu na Curepipe kuna Lycée La Bourdonnais, inayofuata programu ya Ufaransa, na upande wa Moka kuna Le Bocage, shule ya kimataifa. Kule ni wazazi wenye uwezo. Lakini hizo ni chache. Kwa Morisi, mtu akisema "shule ya binafsi", mara nyingi anasema juu ya shule ambayo serikali inalipa walimu wake. Na zaidi ya nusu ya wanafunzi wa sekondari wanajifunza katika shule za namna hiyo. Shule za serikali peke yake zisingewatosha.

NANI ALIANZA?

Serikali haikuwa ya kwanza kukumbuka mtoto wa maskini. Sisi Waprotestanti tunalo jina moja la kukumbuka pale: mchungaji Jean Lebrun, mtu wa kisiwa cha Jersey, aliyetumwa na London Missionary Society. Alifika Port Louis mwaka 1814, wakati utumwa ulikuwa ungali na nguvu, akafungua shule ya bure kwa watoto ambao wengine hawakutaka kukaa nao katika benchi moja: watoto wa watu huru wasio weupe, na hata watumwa. Mabwana wengi wa miwa hawakufurahi. Mtu anayejua kusoma ni vigumu kumfunga. Mwaka 1845 masista wa Loreto walifika toka Irlandi, na shule zao za wasichana zinaendelea hata leo.

Kiisha jamaa za Wahindi na Waislamu nazo zilianza kutafuta nafasi kwa watoto wao. Baba aliyekata miwa maisha yake yote alisema moyoni: mtoto wangu hatakata miwa. Lakini shule za sekondari za serikali zilihesabika kwa vidole. Basi watu walianza kufungua college katika nyumba za kawaida, vyumba vinne au vitano, ubao mweusi, na mwalimu aliyemaliza sekondari mwaka uliopita. Baadhi zilikuwa nzuri. Nyingine zilikuwa duka: lipa, ingia. Msomaji wa Katanga hahitaji nimwonyeshe picha. Anajua zile zetu za kando ya soko.

Mzazi maskini alibaki na mzigo mara mbili. Mtoto wa tajiri mwenye akili aliingia Royal College, akafundishwa na walimu wenye diploma. Mtoto wa maskini alikwenda college ya nyumbani, na baba yake alilipa kila mwezi kwa mafundisho madogo.

VIJANA KWENYE DARAJA

Tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka 1975, wanafunzi waliacha kalasi zao, wakashika njia ya Port Louis kwa miguu. Walikuwa wengi sana, wavulana na wasichana. Polisi waliwafungia njia kwenye daraja la Grande Rivière Nord-Ouest, mlango wa mji, wakawatawanya kwa nguvu. Vijana walilia juu ya mambo mengi, lakini moja lilikuwa wazi kwa kila mzazi: kwa nini wanafunzi wa inchi moja wanajifunza katika shule za namna mbili, nyingine na kila kitu, nyingine na ubao tu?

Mwisho wa mwaka ule umri wa kupiga kura ulishushwa toka miaka 21 hata 18. Mwezi wa 12 mwaka 1976 ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu uhuru. Wakubwa walijua kuhesabu. Waziri mkuu, Seewoosagur Ramgoolam, aliahidi masomo ya sekondari bila malipo, na kweli, mwezi wa kwanza mwaka 1977 yalianza.

Vijana, msikie vizuri: sisemi mtoke njiani. Nasema tu ya kuwa ahadi ile haikuanguka toka mbinguni wala haikutoka katika moyo mwema wa wakubwa peke yao. Kulikuwa vijana waliouliza ulizo, na wazazi waliokwenda kupiga kura.

SERIKALI ILINUNUA MINERVAL

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo pa kujifunza. Serikali ya Morisi haikuwa na shule za kutosha watoto wote, na shule hazijengwi kwa mwezi mmoja. Ingefanya nini? Ingeweza kuzitwaa shule zote za binafsi na za makanisa. Ingeweza pia kuacha mambo kama yalivyo. Haikufanya hili wala lile. Iliwaambia wenye shule: "Ninyi mwache kuomba minerval kwa mtoto. Sisi tutalipa."

Kwa kazi hiyo sheria ya mwaka 1976 ilianzisha Private Secondary Schools Authority, ambayo leo inaitwa Private Secondary Education Authority. Ndiyo inayopeleka feza ya serikali katika shule za binafsi: mishahara ya walimu na wa kazi wengine, na sehemu ya gharama za nyumba na vifaa. Ndiyo pia inayokwenda kutazama kama mwalimu yuko, kama ana diploma inayoombwa, kama vyumba vinafaa.

Ni mapatano ya kupeana. Mwenye shule anabaki na jina lake, na kama ni kanisa, anabaki na roho ya shule yake. Lakini anaacha minerval, anakubali inspekta, anafuata programu moja na wengine, na watoto wake wanafanya mtihani ule ule wa Cambridge ambao mtoto wa Royal College anafanya. Walimu nao wanajifunza kazi yao katika Mauritius Institute of Education, iliyoanzishwa mwaka 1973 pale Réduit. Katika shule za msingi mambo ni karibu vilevile: nyingi ni za serikali, nyingine ni za Wakatolika, chache ni za Wahindu, na zote zinasaidiwa.

Lakini feza ya watu wote inaleta maulizo. Shule za Wakatolika zilikuwa zinaweka nusu ya nafasi za sekondari kwa watoto Wakatolika. Baba mmoja Mhindu alipeleka neno mahakamani: kama ni kodi yangu inayolipa walimu wale, kwa nini mtoto wangu afungiwe sababu ya dini? Mwaka 2002 Mahakama Kuu ilimpa haki, na mwaka 2004 mahakama ya mwisho, Privy Council ya London, ilikubali hukumu ile. Kanisa liliumia, maana lilikuwa limejenga shule zile mbele ya serikali kutoa hata franka moja. Lakini sisi viongozi wa makanisa tuifikiri hukumu ile bila hasira. Mkono unaopokea feza ya wote unaombwa kufungulia wote mlango.

MLANGO WA NYUMA

Mpaka hapa tumesifu, na sifa ni haki yao. Masomo yakawa bure kwa wavulana na wasichana, na wasichana hasa walifaidika: zamani, feza ikiwa kidogo, ndugu mwanaume ndiye alitangulia. Mwaka 2005 masomo yaliwekwa kuwa ya lazima hata miaka 16. Mwaka 2019 serikali ilifuta minerval ya diploma ya kwanza hata katika university zake.

Sasa tuzunguke nyumba, tuone mlango wa nyuma.

Minerval ilipoondoka, ushindani haukuondoka. Nafasi katika shule zenye jina kubwa zilibaki chache, na wazazi wote walizitaka. Basi mlinzi mpya aliwekwa mlangoni: mtihani. Mwisho wa kalasi ya sita ya msingi, mtoto wa miaka 11 alifanya mtihani ulioitwa CPE. Kwa muda mrefu watoto waliwekwa kwa mstari, wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho wa inchi nzima. Waliotangulia walikwenda Royal College au Queen Elizabeth, wengine walipelekwa pahali pengine. Katika miaka ya 2000, karibu mtoto mmoja katika kila watatu alianguka. Aliyeanguka alirudia, na akianguka tena alitengwa katika kalasi za ufundi mdogo, zilizoitwa prevoc. Miaka 11 au 12, na mtoto amekwisha kusikia ya kama hafai!

Mzazi anayeogopa mtihani atafanya nini? Atatafuta mwalimu wa kumfundisha mtoto pembeni, kwa feza. Kule wanasema leson, na leson imekuwa desturi kubwa sana. Masomo yakiisha saa za alasiri, mtoto haendi nyumbani. Anakwenda katika garaji la mwalimu, lenye viti na ubao, au chini ya baraza, na siku ya posho vilevile. Mara nyingi aliyemfundisha asubuhi bila malipo ni yule yule anayemfundisha jioni kwa malipo ya kila mwezi. Wazazi wanang'unika: kama anajua kueleza vizuri jioni, kwa nini hakueleza asubuhi? Serikali ilikataza kwa sheria leson za kulipa kwa watoto wa kalasi za chini za msingi. Lakini woga wa mzazi haukomeshwi na sheria peke yake.

Umeona sasa, ndugu? Minerval iliyofukuzwa mlango wa mbele ilirudi kwa mlango wa nyuma, imevaa nguo nyingine. Na kwa mlango ule mwenye feza anatangulia tena.

Nani aliachwa? Mara nyingi ni watoto wa Wakreoli maskini, wazao wa watumwa, wale wa pwani na wa pembeni ya Port Louis. Mwaka 1993 padri mmoja, Roger Cerveaux, alisema waziwazi juu ya uchungu wa watu hao, na tangu siku ile jina "malaise créole" likaingia katika kinywa cha kila mtu. Wakreoli wengi ni Wakristo. Ni kusema, katika inchi yenye shule nyingi nzuri za makanisa, watoto wa makanisa ni kati ya wale waliobaki nyuma. Neno hili lituume sote.

Kuna pia jambo la lugha. Nyumbani mtoto anasema Kreoli. Magazeti anayosoma baba ni ya Kifaransa. Lakini vitabu vya masomo na mtihani ni vya Kiingereza. Mtoto wa jamaa iliyosoma anazivuka lugha tatu kama mtu anayevuka kijito. Mtoto wa mvuvi anazama. Sisi ambao watoto wetu wanasema Kiswahili nyumbani na kukutana na Kifaransa ubaoni, tunajua kijito kile.

WALIVYOJARIBU KUREKEBISHA

Nisiseme ya kama waliangalia tu. Mwaka 2003 walichagua shule za msingi zenye kuanguka sana, wakaziita za ZEP, yaani za kusaidiwa mbele ya nyingine, na chakula cha watoto kikawa sehemu ya msaada. Walielewa ya kama mtoto mwenye njaa hasomi. Mwaka 2012 Kreoli iliingia masomoni kama somo la kuchagua.

Kiisha, mwaka 2017, walianza mageuzi makubwa: miaka tisa ya masomo kwa mfululizo. CPE iliondolewa, mtihani mwingine, PSAC, ukachukua nafasi yake, na watoto wakapelekwa zaidi katika shule za karibu na kwao. Wanaochelewa walipewa programu ya miaka minne pahali pa mitatu, ndani ya shule zile zile, pahali pa kutengwa. Mchujo wa kuingia shule chache za serikali zilizoitwa academy ukasogezwa hata mwisho wa kalasi ya tisa.

Wazazi na walimu wangali wanabishana juu ya mageuzi hayo, na leson hazikukoma. Mchujo umesogea, haujafa. Lakini mtoto wa miaka 11 amepunguziwa mzigo, na hiyo si kitu kidogo.

NA SISI?

Msomaji mwenye kumbukumbu atakuwa amesimama kwenye mwaka 1977. Mwaka ule ule ambao Morisi ilifungua sekondari bila malipo, kwetu vilevile serikali na makanisa walitia sahihi mkataba. Mwaka 1974 serikali ilikuwa imetwaa shule zote. Mwezi wa 2 mwaka 1977 ilirudisha usimamizi kwa Wakatolika, Waprotestanti na Wakimbangu. Ndiyo maana tunasema "école conventionnée". Kwa karatasi, mapatano yetu yalifanana na ya Morisi: kanisa lisimamie, serikali ilipe mwalimu.

Tofauti iko wapi? Kule mshahara ulifika kila mwezi. Kwetu, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mshahara wa mwalimu ulikuwa kama kivuli, na wazazi wakaanza kumlipa wao wenyewe, kile tunachoita prime. Katika kampi za Gécamines wazee wanakumbuka siku ambazo kampani ilisomesha watoto wa wafanyakazi wake. Kampani ilipoanguka, masomo yalianguka pamoja nayo. Mwaka 2019 serikali ilitangaza masomo ya msingi bila malipo, na watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia. Tunashukuru. Lakini kalasi zilijaa, na ulizo la baba na mama lingali mezani.

Kisiwa kile kinatufundisha nini? Neno kubwa ni hili: tusiulize tu "masomo iko ya nani, ya Leta ao ya kanisa?" Tuulize mambo mawili. La kwanza, nani anamlipa mwalimu, na analipwa kweli kila mwezi? Shule ya binafsi yenye mwalimu aliyelipwa inaweza kumtumikia maskini. Shule ya serikali yenye mwalimu asiyelipwa itamwomba maskini feza, kwa jina hili au jina lile. La pili, nani anachuja watoto, na kwa njia gani? Maana unaweza kufuta minerval leo, na kesho ukaikuta katika "kur ya jioni", katika "silabusi ya kununua", katika pointi za kuuzwa.

Kwa wazazi wa makanisa yetu nasema: kamati ya wazazi si ya kukusanya feza tu. Iulize direkta juu ya mambo hayo mawili, kwa heshima, lakini iulize. Kwa walimu walio ndugu zetu: tunajua njaa yenu, na ni haki yenu kudai mshahara. Lakini usifiche asubuhi kile utakachouza jioni. Na kwa kanisa: tunazo nyumba za ibada zenye viti na mara nyingine taa, zinazokaa tupu tangu siku ya kwanza hata posho. Vijana waliomaliza diploma ya Leta wako, wanangoja kazi. Wakiketi saa moja kila jioni na watoto wa kalasi ya sita, bila kuomba kitu, mtoto wa mchimbaji atapata leson ambayo mtoto wa Rose Hill anainunua.

Mchungaji Lebrun alianza na benchi na watoto waliokataliwa. Hakungoja serikali iamke. Lakini mamia ya shule za leo yasingesimama kama serikali nayo isingechukua mzigo wake. Mikono yote miwili inaombwa.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Katika shule ya watoto wetu, nani anamlipa mwalimu? Tuhesabu pamoja feza yote inayotoka nyumbani kwa mwaka, hata ya njia na ya vitabu.

2. Je, iko "mlango wa nyuma" katika masomo ya kartie yetu? Nani anapita pale, na nani anabaki inje?

3. Kama shule ya kanisa inapokea feza ya serikali, inafaa kupokea watoto wa namna gani?

4. Ni mtoto gani wa jirani ambaye jamaa yetu inaweza kumsaidia kusoma, tangu juma hili?